Tangi Halizai Maji

Mazungumzo kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba juu ya fedha na usimamizi wa matangi ya maji ya Serikali



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kila nyumba inalijua kwa uchungu wake. Mfereji hufunguliwa asubuhi ukatoa upepo badala ya maji, na madumu yakapangwa foleni kabla ya adhana ya alfajiri. Mama mwenye kazi ya kuajiriwa na mwanafunzi mwenye mtihani wote huanza siku yao kwa kutafuta ndoo. Mara nyingi panapotokea shida hiyo, kauli inayosikika katika vikao na mabarazani ni moja: "Serikali ijenge tangi jengine." Kauli hiyo ina haki yake, kwani matangi yanahitajika. Hata hivyo, tangi halizai maji. Tangi huyapokea maji, huyaweka, na huyatoa kwa wakati na kwa nguvu zinazofaa. Lisipokuwa na maji ya kupokea, umeme wa kuyapandisha, mabomba mazima ya kuyafikisha, na fedha ya kuyaendesha hayo yote kila siku, tangi jipya ni jengo refu tu linaloonekana kwa mbali.

Kwa hivyo, suala linalostahili kuzingatiwa ni pana kuliko idadi ya matangi. Linahusu nani atalipa ili tangi lijae leo, kesho na mwaka ujao, na ni nani atakayesimamia kuwa kilichotiwa ndani yake kinamfikia aliyekusudiwa.

ASILI YA MAJI YA VISIWA

Unguja haina mto mkubwa wala ziwa. Vijito vyake, kama Mwera, Kipange na Zingwezingwe, ni vifupi, na baadhi yake huzama katika ardhi ya mawe kabla ya kufika baharini. Pemba imejaaliwa mabonde na vijito vingi zaidi, lakini navyo ni vifupi na hupungua wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu, tofauti na nchi zenye mabwawa makubwa yaliyozuiwa kwa kuta za zege, hapa Visiwani bwawa kubwa la maji ni ardhi yenyewe. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, huzama chini, zikahifadhiwa katika mawe na mchanga, kisha zikatoka kwenye chemchem kama zile za Bububu na Mtoni au zikavutwa kwa pampu katika visima virefu.

Bwawa hilo la chini ya ardhi lina sharti lake. Katika kisiwa, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi mithili ya mafuta juu ya maji, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Wataalamu wanaeleza kuwa pale usawa wa maji matamu unapokuwa mita 1 juu ya usawa wa bahari, tabaka lake huweza kuteremka kiasi cha mita 40 chini ya usawa huo. Kinyume chake ni cha kutisha: usawa huo ukishushwa kwa mita 1 kutokana na kuvuta kupita kiasi, chumvi hunyanyuka polepole kwa takriban mita 40. Wakaazi wa ukanda wa mashariki, ambako ardhi ni ya mawe na mvua ni haba kuliko magharibi, wanaijua ladha ya kisima kilichoingiliwa na bahari. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi kuwa kitamu kwa amri wala kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Jengine ni ongezeko la watu. Sensa ya 1988 ilihesabu watu 640,685 Zanzibar nzima. Sensa ya 2012 ilihesabu 1,303,569, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Katika muda wa miaka 34 watu wameongezeka karibu mara 3, ilhali mvua inayonyesha juu ya Visiwa haikuongezeka kwa sababu ya sensa.

TULIKOTOKA

Uhifadhi wa maji si jambo geni kwa watu wa Visiwani. Kila msikiti wa zamani ulikuwa na birika lake, na nyumba nyingi za mawe zilikinga maji ya mvua kutoka darini. Maradhi ya kipindupindu yaliyoingia Unguja mwaka 1869 na 1870 yaliua watu wengi mjini. Baadaye, katika utawala wa Sayyid Barghash bin Said, uliodumu kuanzia 1870 hadi 1888, maji ya chemchem yaliletwa mjini kwa mfereji uliotoka upande wa Bububu. Maji hayo yaliteremka yenyewe kwa mwinamo wa ardhi, bila ya mashine. Wapitao njia ya Bububu hadi leo huonyeshwa mabaki ya mfereji huo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitoa huduma ya maji bila ya malipo kwa miongo kadhaa, ikiwa ni sehemu ya azma ya kumfikishia mnyonge huduma aliyokuwa akinyimwa. Azma hiyo ilikuwa njema na matunda yake yalionekana. Hata hivyo, mabomba yalizeeka, watu wakaongezeka, na gharama za umeme, pampu na dawa ya kusafishia maji zikapanda. Sera ya Maji ya 2004, ikifuatiwa na Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006 iliyounda Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), ilifungua ukurasa wa mtumiaji kuchangia gharama. Mwaka 2013 ilipitishwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA), ili bei isipangwe na yule yule anayeuza, na malalamiko ya mwananchi yapate pa kusikilizwa.

HESABU YA TANGI MOJA

Ili jambo hili lifahamike, inafaa kuchukua mfano wa tangi moja. Huu ni mfano wa hesabu tu, wala si taarifa ya tangi maalumu.

Tangi lenye ujazo wa mita za ujazo 1,000 huchukua lita milioni 1. Ikiwa kila mtu atapata lita 50 kwa siku, tangi hilo likijazwa mara moja kwa siku litawatosheleza watu 20,000. Sasa tuseme kisima na kilima kwa pamoja vinalazimisha maji yapandishwe mita 60. Kwa pampu ya kawaida inayopoteza karibu nusu ya nguvu zake, kulijaza tangi hilo kunahitaji kiasi cha uniti 300 za umeme kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya uniti 100,000. Hapo hazijahesabiwa mishahara, klorini, vipuri, mafuta ya jenereta, wala fedha ya kuweka kando kwa ajili ya pampu itakayochoka.

Tuseme tena kwamba kati ya kila lita 10 zinazotoka katika tangi, lita 4 zinavujia njiani katika mabomba yaliyooza au kuibiwa kwa maungio yasiyo halali. Tangi ni lile lile na umeme ni ule ule, lakini wanaonufaika wamepungua kutoka watu 20,000 hadi 12,000. Watu 8,000 wamekosa maji bila ya tangi kupata ufa wowote, na uniti 120 za umeme zimemwagwa ardhini kila siku.

Kwa mtazamo huo, kuziba uvujaji ni sawa na kujenga. Atakayepunguza uvujaji huo kwa nusu atakuwa amewapatia maji watu 4,000 bila ya kuchimba kisima kipya wala kuongeza hata tone moja katika kile kinachovutwa ardhini. Kazi hiyo haina jiwe la msingi wala haikatiwi utepe, na ndiyo sababu husahauliwa kwa wepesi.

FUNZO LA GIZA

Zanzibar imelipata funzo la uhusiano wa tangi na umeme kwa njia ngumu. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kikipata umeme kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ulikatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Katika siku hizo, matangi yaliyokuwa yakitegemea pampu yalikauka. Waliokuwa na jenereta waliuza maji, na wasiokuwa nayo walirudi kwenye visima vya kienyeji vilivyokwisha kusahauliwa. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013, na wasiwasi huo ukapungua.

Funzo, hata hivyo, linabakia. Tangi lililo juu ya kilima ni akiba pia ya umeme, kwa kuwa maji yaliyokwisha kupandishwa hushuka yenyewe. Tangi lililojaa usiku, wakati matumizi ni madogo, humpa mhandisi saa kadhaa za kutengeneza hitilafu kabla mji haujahisi. Tangi linaloachwa nusu kila siku kwa sababu bili ya umeme haijalipwa, au kwa sababu koki ya boya imeharibika na maji yanamwagika juu, linaunyima mji akiba hiyo.

FEDHA YA KUJENGA NA FEDHA YA KUENDESHA

Fedha ya kujenga imekuwa ikipatikana. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Mjini Zanzibar. Japani imesaidia miundombinu ya maji ya mjini pamoja na mafunzo kwa watendaji wa Mamlaka. Mwaka 2018 ulitiwa saini mkopo wa dola za Marekani milioni 92.18 kutoka Benki ya Exim ya India kwa ajili ya kuimarisha mfumo wa maji Zanzibar. Aidha, sehemu ya fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19, ilielekezwa katika sekta ya maji.

Ni vyema wananchi wakaelewa tofauti iliyopo. Msaada hupokewa, lakini mkopo hulipwa. Mkopo wa dola hulipwa kwa dola, ilhali mwananchi hulipa maji kwa shilingi. Shilingi ikishuka, deni hupanda ingawa tangi halijaongezeka hata lita moja. Kwa hivyo kila tangi lililojengwa kwa mkopo ni amana juu ya watoto ambao hawakuulizwa. Iwapo litakufa kabla deni halijamalizika, watoto hao watalipia jengo bovu, na wakati huo huo watakopa kwa ajili ya jengine.

Fedha ya kuendesha ni mtihani mwengine. Haina sherehe, haina mfadhili, na hudaiwa kila mwezi. Hapa inafaa kukumbuka hekima iliyomo katika taasisi ambayo wazee wa Visiwani waliizoea, nayo ni wakfu. Mtu alipoweka wakfu nyumba au shamba ili mapato yake yahudumie msikiti, kisima au mafakiri, mafakihi walishurutisha kuwa mapato hayo yaanze kuitengeneza mali yenyewe. Paa linalovuja hutengenezwa kwanza, ndipo wanaostahiki wakagawiwa kilichobaki. Hukumu hiyo haikuwa kwa ubahili. Wakfu usiotengenezwa hugawiwa mara chache, kisha ukaporomoka, na maskini wa kesho wakakosa fungu lao.

Kanuni hiyo ndiyo inayohitajika katika matangi ya Serikali. Mapato ya maji yaanze kulitengeneza tangi, pampu na bomba. Fedha ya matengenezo iwe na hesabu yake mbali, isiwe akiba ya kuazimwa panapopungua mishahara au panapotokea safari. Na kabla ya mradi wowote mpya kutiwa saini, waulizwe wahusika maswali matatu: kisima kitakacholijaza tangi kimepimwa uwezo wake katika kiangazi? Bili ya umeme ya mwaka wa kwanza italipwa na fungu gani? Na mabomba yatakayopokea nguvu za tangi jipya yatahimili, au yatapasuka siku ya kwanza?

NANI ALIPE, NA KWA HAKI GANI

Wapo wanaosema kuwa maji ni neema ya Mwenyezi Mungu, hivyo hayastahiki kuuzwa. Neno hilo ni la kweli kwa mvua na kwa chemchem. Bomba, pampu na mikono ya fundi ni gharama ya wanaadamu. Mwananchi anapochangia halipii maji, bali analipia safari yao kutoka ardhini hadi jikoni kwake.

Ikumbukwe pia kwamba maji yasiyolipiwa hayakuwa bure kwa kila mtu. Familia isiyofikiwa na bomba imekuwa ikilipa siku zote: kwa mwenye gari la ng'ombe, kwa mchukuzi wa madumu, na kwa masaa ya mtoto wa kike aliyekosa skuli. Mita 1 ya ujazo ni madumu 50 ya lita 20. Kila familia ipige hesabu ya bei ya dumu moja mtaani mwao, izidishe kwa 50, kisha ilinganishe na bei ya Mamlaka. Tofauti hiyo ndiyo kodi anayotozwa mnyonge kwa kukosa huduma.

Aidha, malipo ya kiwango kimoja bila ya mita yana dhulma yake. Mjane mwenye ndoo tatu hulipa sawa na mwenye bustani, magari ya kuosha na mpira unaotiririka mchana kutwa. Mita inayosoma sawasawa humlinda mdogo dhidi ya mkubwa. Nayo bei ya kiasi cha mwanzo, kile cha kunywa, kupikia na kutawadhia, inapaswa kubaki nafuu, na mwenye matumizi ya starehe au biashara abebe uzito zaidi.

Kwa upande wa wafanyakazi wa Serikali, neno lisemwe bila ya kificho. Afisi ya Serikali isiyolipa bili yake ya maji inamwambia mwananchi asilipe. Skuli yenye koki zinazochuruzika usiku kucha inawafundisha wanafunzi israfu, nao dini imewafundisha kuwa israfu inakatazwa hata katika kutawadha. Mkuu wa afisi anayepanga bajeti aweke fungu la maji kama anavyoweka fungu la karatasi, na alilipe kwa wakati. Mamlaka haiwezi kumkatia maji mjane ikaiacha afisi yenye deni, kisha ikatarajia kuaminiwa.

USIMAMIZI WA KILA SIKU

Usimamizi mwema wa tangi si siri ya wahandisi. Tangi liwe na mita ya maji yanayoingia na mita ya maji yanayotoka, na daftari la kuandika zote mbili kila siku. Lioshwe kwa ratiba na mfuniko wake ufungwe, kwani ndege, popo na vumbi haviulizi ruhusa. Klorini ipimwe kwenye tangi na ipimwe tena kwenye mfereji wa mwisho wa mtaa. Kipindupindu kilichoripotiwa Zanzibar mwaka 1978, na kilichorudi kwa ukali mwaka 2015 na 2016, hakikutofautisha nyumba ya mkubwa na ya mdogo.

Ratiba ya mgao, pale inapolazimu, itangazwe kwa shehia na ifuatwe. Mwananchi anayejua kuwa maji yatakuja Jumanne saa 10 alasiri huweza kujipanga. Anayeambiwa "yatakuja" huacha koki wazi, na yakija usiku humwagika. Mgao usiotabirika hupoteza maji na huvunja imani kwa pamoja.

Masheha wanaombwa kuwa macho ya bwawa la chini ya ardhi. Msitu wa Masingini, ulio juu ya chemchem zinazohudumia mji, ni sehemu ya tangi kubwa kuliko matangi yote ya zege. Mti unaokatwa huko, nyumba inayojengwa juu ya chanzo, na shimo la choo linalochimbwa karibu na kisima katika ardhi ya mawe yenye nyufa, vyote huingia katika maji ya kunywa. Mipaka ya vyanzo ilindwe bila ya kuangaliwa sura ya mvamizi.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Watengeneze koki zao, waripoti bomba lililopasuka badala ya kulifanya kisima cha mtaa, na wasiunganishe pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kwa kuwa pampu hiyo humnyang'anya jirani na huvuta uchafu kuingia katika nyufa. Anayejenga nyumba mpya aweke mfereji wa kukinga maji ya paa na tangi la ukubwa anaoumudu. Paa la mita za mraba 50 likipokea milimita 20 za mvua hupata lita 1,000, sawa na madumu 50, kwa mvua ya usiku mmoja.

Ndugu wananchi, mwenye kuyasoma maneno haya katika afisi yake na aanze kwa kuitafuta bili ya maji ya afisi hiyo aone imelipwa hadi mwezi gani. Mwenye kuyasoma nyumbani na aende akaisikilize koki yake usiku, watu wanapolala. Na mwenye dhamana ya tangi na alifungue daftari lake, alinganishe kilichoingia na kilichotoka, na aitafute tofauti hiyo iko wapi. Maji mengi yanayohitajiwa na Visiwa hivi yamo humo, na kuyarejesha hakuhitaji mkopo mpya.

Wabillahi tawfiq.